Kijiji Kilichomo Ndani ya Fahali

Kwa Minza, Shamba la Madume,
huku milimani, mwezi wa baridi.

Baba Minza, mwangaluka.

Nakusalimu kwa salamu ya asubuhi hata kama barua itakufikia jua likizama, maana huku ninakoandika ni asubuhi na ukungu bado umelala juu ya malisho kama pamba iliyokosa mchumaji. Umeamkaje, baba? Mgongo je? Ile dawa ya kuchua niliyoiacha darini usiimalize kwa kuwagawia majirani, kila mwenye kidole kinachomuuma. Na ng'ombe wameamkaje? Na Ngasa mwanangu? Na Limi mkewe? Huyu Limi nitarudi kumuuliza tena huko mbele, kwa hiyo nivumilie.

Kwanza nakuomba kitu. Barua hii usimpe mtu akusomee. Najua utasema macho, na miwani najua uliikalia. Nenda nayo zizini ng'ombe wakishatoka, ukae kwenye lile gogo, usome mwenyewe neno moja moja. Mimi nami nimeiandika neno moja moja, kwa mwandiko wangu wa kisomo cha watu wazima, ule uliokuwa unaucheka kwamba herufi zinatembea kama bata. Leo bata hao wamebeba mzigo. Usiwacheke.

Wajukuu zako wazima. Kulwa ni mkali, akikosa ziwa kidogo tu anakunja ngumi kama wewe ukikosa ugoro. Doto yeye anatazama. Anatazama moto, anatazama mvuke wa chungu, anatazama mdomo wangu nikisema, mpaka nahisi kuna mzee humo ndani ananihesabia maneno. Nawabeba mmoja mgongoni na mwingine kifuani, na Minza ananyonyesha mpaka anasinzia amekaa. Baridi ya huku, baba, unatoa pumzi unaiona inaondoka. Siku niliyofika nilidhani naungua ndani. Michembe ya viazi uliyonifungia imekwisha. Nusu nilikula mimi, na nusu ilitoweka jikoni nikiwa nimelala, mikononi mwa mtu ambaye siwezi kumtaja kwa sababu ni mkwe.

Shamba lenyewe ni la serikali, wanafuga madume matupu, jike hakuna hata la kusingiziwa. Mbegu zao zinachukuliwa, zinagandishwa ndani ya mtungi unaotoa moshi wa baridi, kisha zinasafirishwa. Ng'ombe wa mbali kabisa anazaa ndama wa baba ambaye hajawahi kumsikia hata sauti. Sasa wanasema shamba litauzwa kwa mtu binafsi. Watu wanakuja na magari, wanapima uzio kwa hatua, wanaondoka bila kusalimia. Hakuna anayejua nani atabaki kazini. Minza hasemi, lakini anakunja nguo za watoto na kuzikunjua, anakunja tena. Nasikia na huko nyumbani wanunuzi binafsi wameingia hadi vijijini na mizani zao, na ushirika umebaki na ghala lenye mwangwi. Pamba yetu umempa nani? Angalia mizani, baba, usiangalie tabasamu.

Barua yako niliipata.

Niliisomea jikoni, nimesimama, na maziwa ya watoto yakachemka yakamwagika yote nikiyatazama. Umeandika kwamba pamba ikishauzwa wazee watakaa. Kwamba Limi atarudishwa kwao Kiloleli, ng'ombe wetu wa mahari warudi, na Ngasa atafutiwa mwingine. Umeandika kwamba msimu wa mvua umepita mara nyingi juu yake na hakuna kilichoota. Umeandika kwamba siku hizi anakula peke yake, upande wa nyuma wa nyumba, na Ngasa hasemi kitu, analima tu.

Nilikunja barua nikaiweka kifuani, na kwa siku nyingi niliisikia hapo kama kaa la moto. Halafu nikamkumbuka Meneja, yule fahali wetu. Nilipomkumbuka Meneja nikajua kuna swali la kuuliza, na wa kuuliza hapa ni mmoja tu, mkwe anayezipima hizo mbegu, na huyo ndiye siwezi kumuuliza.

Unaijua desturi yetu. Mimi na mkwe hatutazamani usoni, sembuse kuzungumza mambo ya chini ya mkanda. Akiingia sebuleni mimi natokea jikoni. Bahati nyumba hii jiko limetengwa kwa ukuta wa mbao tu. Tangu nije, akitaka kunijulia hali anawasalimia mapacha kwa sauti: "Kulwa, bibi yako ameamkaje?" Nami namjibu Kulwa: "Mwambie baba yako nimeamka, ahsante, wabeja." Tumeishi hivyo vizuri, hatujavunjiana heshima.

Sasa alasiri moja kulikuwa na manyunyu, yale ambayo hayaanguki, yananing'inia tu hewani. Nikakaa jikoni mgongo wangu ukiwa ukutani, Doto magotini. Yeye alikuwa upande wa pili na Kulwa, nilikisikia kiti chake. Nikakohoa.

"Doto," nikasema, "muulize baba yako. Fahali mwenye nundu, mwenye sauti, anayepigana na kupanda majike kila siku, anaweza kuwa mtupu?"

Minza akatoa kichwa mlangoni. "Mayu, mama yangu! Mtoto hajaota hata jino, unamuuliza hayo?"

"Nyamaza, sijakuuliza wewe. Namuuliza Doto."

Kiti kikalia upande wa pili. Kisha mkwe akasema, kwa sauti ya mtu anayevuka matope amevaa viatu vipya: "Kulwa, mwambie mwenzako amjibu bibi. Anaweza. Hapa shambani tunaye mmoja, sauti yake inatikisa mabati. Mbegu yake tukiiweka chini ya kioo cha kukuzia, hakuna kinachotembea."

"Doto, muulize ni kwa nini."

Hapo ndipo alipoanza, Baba Minza, na akasema kwa muda mrefu, na nadhani alisahau kwamba anamwambia mtoto mchanga. Alisema ndani ya korodani za fahali mna mirija myembamba sana, imejikunja imejaa, na mimi nikaona nyuzi za pamba zilizosokotwa na kushindiliwa ndani ya kibuyu. Ndani ya mirija hiyo kuna vichembe, yeye anaviita seli, vimesimama vimepangana bega kwa bega. Kazi yao ni kulea. Mbegu inazaliwa ukutani ikiwa changa haina hata mkia, na mlezi anaishika, anailisha, anaisogeza polepole kuelekea katikati, mpaka ikomae aiachie iende. Bila mlezi mbegu haikui. Nikamtazama Doto magotini kwangu. Sikujua kwamba ndani ya mwanamume kuna walezi. Hivi wewe ulijua?

Na nje ya mirija, akasema, wako wengine, kazi yao ni nyingine. Hao wanapika ile nguvu ya kiume, inayomletea fahali nundu na sauti na hasira. Nikasema moyoni, hao ni wapika pombe. Wanakaa nje ya ukuta na vyungu vyao.

"Na wanajuaje wakati wa kupika?" nikamuuliza Doto.

"Kulwa, mwambie kuna tezi ndogo kama punje ya kunde, iko chini ya ubongo. Hiyo inatuma wajumbe wawili kwenye damu, tunawaita homoni. Mmoja anakwenda kwa wale wa nje, mwingine anakwenda kwa walezi."

"Basi bwana mkubwa yuko kichwani, akitoa amri kazi inafanyika."

"Hapana." Alijibu haraka mpaka akasahau kumtaja Kulwa, kisha akajirudi. "Kulwa, mwambie hapana. Neno la mbali peke yake halilei. Lazima na wa karibu wapeane. Wale wa nje wanachopika kinapenya ukutani kinamfikia mlezi, ndipo mlezi anapata nguvu ya kulea. Walezi nao wanaambiana wenyewe kwa wenyewe, na wanawaambia hata wale wa nje, kwa vitu vidogo ambavyo havifiki mbali, vinaishia kwa jirani tu. Na mlezi akitosheka anarudisha jibu kichwani kwamba inatosha, punguza."

Kulwa akacheua. "Mwanafunzi amechoka," Minza akasema, na kucheka kwake kulinipa moyo wa kuuliza lililokuwa limenikaa kooni.

"Doto, walezi wakifa, wanazaliwa wengine?"

"Kulwa, mwambie wanaongezeka wakati ndama ni mdogo. Akishakuwa fahali, wanaacha. Waliopo ndio hao hao. Joto kali likiingia humo, uvimbe, vidonda, basi mbegu changa zinaungua na walezi wanaharibika. Lakini wale wa nje wanaweza kubaki wanapika kama kawaida. Sauti ipo, nundu ipo. Ndani hamna kitu."

"Na binadamu je?"

Manyunyu yalikuwa yananing'inia. Nilisikia mkwe anakwaruza kiatu sakafuni.

"Kulwa, mwambie bibi, kwa habari ya hicho kijiji, binadamu na fahali wanafanana."

"Matubwitubwi?"

"Yakimpata mtoto, yanapita. Yakimpata aliyekwisha kubalehe, mara nyingine yanashuka. Siyo wote. Na mara nyingi ni upande mmoja tu, na mmoja mzima unatosha. Hakuna anayeweza kusema mpaka mbegu itazamwe kwenye kioo." Halafu akasema, "Kulwa, tukaangalie mvua," akatoka. Tangu hapo anapita nyuma ya nyumba, na hata kwa Kulwa hanijulii hali. Aibu itamtoka.

Baba Minza, Meneja unamkumbuka. Mweusi, paji jeupe, tulimpa jina hilo kwa sababu ya tumbo na kwa jinsi alivyokuwa anazunguka zizi kama mtu aliyekuja kukagua. Kumbuka msimu josho lilipokauka, tukaambiwa dawa sasa kila mtu ajinunulie dukani. Kupe walimjaa. Walimjaa hasa kwenye mfuko wake, ukatoka vidonda, ukavimba kama mtungi, ukamuuguza wewe kwa mkono wako mpaka akapona. Akanguruma tena. Akamtoa nje fahali wa jirani, ukacheka siku nzima ukasema, "Dume ni dume." Kisha mitamba wetu watatu wakapandwa na Meneja, wakapandwa tena, hawakushika. Ukasema ni tasa. Ukawapeleka mnadani Bariadi.

Yule mwekundu niliyempenda nilimkuta mwaka uliofuata njiani, kwa yule bwana aliyemnunua. Ndama alikuwa chini yake ananyonya, mkia unacheza. Nilipokuambia ulisema, "Amebadilishiwa maji." Na mimi nilikubali. Tulicheka wote wawili, kwa kweli tulicheka.

Tulimpima Meneja kwa masikio. Tulisikia ngurumo tukasema nyumba imejaa.

Sasa mkumbuke Ngasa, mwaka ule kabla hatujamtolea Limi mahari. Ilikuwa wakati wa palizi, ndevu zimekwisha kumtoka. Mashavu yakavimba, tukasema meno. Halafu ikashuka chini, akashindwa kuvaa suruali, akawa anatembea amepanua miguu amejifunga kanga yangu, na wenzake wakamwita bibi harusi. Homa ilimshika mpaka akaongea na watu ambao hawapo. Alipopona alibeba magunia mawili kwa mpigo kuonyesha kwamba amepona, nawe ukasema yale yale. Dume ni dume.

Sisemi kwamba ndivyo ilivyo. Mkwe mwenyewe amesema siyo wote. Nasema hatujui. Na kama hatujui, tunampeleka Limi mnadani kwa nini?

Nitakuambia jambo na usimwambie mtu. Mchana mmoja nilisinzia na Doto kifuani, ukungu umeingia hadi mlangoni, na nikajikuta natembea katika kile kijiji. Nje ya uzio wapika pombe walikuwa kazini, moshi unapanda, vyungu vinatokota, wanaimba kwa sauti nene na mmoja alikuwa na sauti ya Ngasa. Nikapita. Nikafuata njia nyembamba inayojikunja, nyeupe, laini miguuni kama pamba kabla haijafungwa. Walezi walikuwa wamekaa wamepangana bega kwa bega, wanawake wengi mno, vichwa vimefungwa vitambaa. Mikono yao ilikuwa imekaa kama ya mtu aliyepakata, lakini haikupakata kitu. Nikawasalimu, mwangaluka mayu, mwangaluka mayu, hakuna aliyeitikia. Nikatembea mpaka mwisho wa safu, na mwisho kabisa alikuwepo mmoja ananyonyesha. Sikuona anachonyonyesha. Niliona tu bega lake likitikisika vile bega linavyotikisika. Nikaanza kukimbia nikamwone, na Doto akanivuta nywele nikaamka.

Sijui maana yake. Mimi siyo mtu wa kutafsiri ndoto. Lakini huyo wa mwisho wa safu hanitoki.

Kwa hiyo nakuomba, baba wa watoto wangu. Wazee wasikae. Ukiulizwa, sema mke wangu amekataa mpaka arudi, ni mkaidi, mnamjua. Maneno yao yote nibebeshe mimi, mgongo wangu umezoea mapacha. Habari ya matubwitubwi usiwatajie hata kidogo. Ngasa mwambie wewe mwenyewe, zizini, mkiwa wawili, siyo mbele ya baba zake wadogo. Anza na Meneja. Hutafika mwisho, atakuwa ameelewa, na akikugeuzia uso usimfuate, mwache akae na ng'ombe kidogo. Kisha pamba ikipata mnunuzi, wapande gari wote wawili, Ngasa na Limi, waende hospitali kubwa Mwanza, na Ngasa aangaliwe kwanza. Yeye kwanza. Huyo binti ameangaliwa vya kutosha, na macho ya kila mtu.

Na kama kioo kitasema hakuna kinachotembea? Nimeliwaza hilo mpaka nimechoka. Atakuwa bado ni Ngasa wetu. Na Limi ataulizwa, atajibu kwa mdomo wake, akisema anakwenda tutamsindikiza kama binti yetu, akisema anakaa tutakaa naye. Lakini aulizwe. Hatujawahi kumuuliza.

Nisalimie shemeji yangu mkubwa, umwambie ugoro wa huku ni mkali kuliko maneno yake na nitamletea. Nisalimie mama wa Limi kule Kiloleli mkionana sokoni, salamu tu, usiseme lingine, macho yake yataelewa. Msalimie jirani yetu mshona magunia, na yule kijukuu wa dada yako anayeogopa bata. Watoto wa Minza wanawasalimu kwa ngumi. Minza anakupigia magoti. Mkwe hawezi kukusalimu kupitia kwangu, lakini Kulwa anasema baba yake anakuheshimu sana.

Sasa la mwisho. Mimi niko mbali, nimekuwa kama ile punje ya kunde kichwani. Kazi yangu ni kutuma neno, nalo linasafiri, linachelewa, pengine linafika limechoka. Wewe ndiwe wa karibu. Wewe ndiwe unayepakana naye ukuta.

Nyuma ya mlango wangu kimetundikwa kibuyu cha kusukia maziwa. Unajua kilivyonifikia. Miaka yangu ya kwanza hapo kwenu, Minza bado hajazaliwa, nami nilikuwa nimeanza kula peke yangu nyuma ya nyumba. Shangazi zako walikuwa wamekaa uani wanasema. Mama yako, Mungu amlaze pema, akatoka na kibuyu chake, akapita katikati yao, akakiweka magotini mwangu. Hakusema neno. Nikaanza kusuka, na nilivyosuka ndivyo walivyonyamaza mmoja mmoja. Kwenu mwenye kibuyu haulizwi anaondoka lini.

Kishushe wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kipanguse vumbi, ukitie maziwa. Nenda nacho nyuma ya nyumba anakokula, umwekee Limi magotini. Usiongee, kuongea hujui. Kaa naye hapo kidogo mpaka usikie maziwa yanaanza kugonga.

Mimi niliye mbali na sijatoka,
Mama Minza.